Nguo Zangu Zimo, Mimi Simo

Miaka ishirini na miwili tulikaa ukuta kwa ukuta, mimi na Mwalimu, kule Lewisham, London, na katika miaka yote hiyo sikumwona hata siku moja akichora uso wa mtu. Alichora bustani yake. Aliichora asubuhi umande haujakauka, akaichora tena alasiri, akaichora ina theluji na ina majani makavu, bustani ile ile, akiwa ameketi kwenye kiti kile kile cha jikoni alichokitoa nje. Mkewe, ambaye Waswahili wote wa upande ule tulimwita Bi Mkubwa, alikuwa na ombi moja tu kwake. Hakutaka dhahabu, wala hakutaka kupelekwa Zanzibar kutazama kilichobaki. Alitaka mumewe amchore, mara moja tu, ameketi pale bustanini. Mwalimu hakuwahi kumwambia hapana. Alimwambia inshallah, na sisi watu wa pwani tunajua zipo inshallah ambazo ni hapana iliyovaa kanzu.

Mimi ni mtu wa Mombasa. Nilikwenda Uingereza kusomea uuguzi, nikabaki. Nilipohamia nyumba ile na binti yangu mdogo, wao walikuwa wameshakaa pale miaka mingi. Walitoka kisiwani miezi kadhaa baada ya mapinduzi, wawili tu na sanduku moja, na hawakujaaliwa mtoto. Ukoo wa Mwalimu sitauelezea, kwa sababu hakupenda kuulizwa na mimi sikuwa na haja. Kwangu Mwalimu alianza kuwa mtu siku niliyomwona akizika bafu.

Ndiyo, bafu. Halmashauri ilikuwa inatubadilishia mabafu ya zamani, yale mazito ya chuma, nayo yalipangwa barabarani kusubiri lori. Mwalimu alilitaka lake. Alilivuta mwenyewe kupitia ukumbini, akakwaruza ukuta wote, akachimba shimo siku tatu, akalizika mpaka mdomoni na kulijaza maji. Mimi nilikuwa naanika nguo upande wangu. Bi Mkubwa alisimama mlangoni pa jikoni, mikono kiunoni.

"Jirani, njoo unishuhudie," akaniita. "Wenzangu waume zao huwawekea bafu ndani. Wangu mie kalitoa ndani kalizika."

"Ni bwawa," Mwalimu akasema bila kugeuka.

"Bwawa la nini?"

"La yungiyungi."

"Ya Rabbi! Yungiyungi Lewisham!"

Baadaye nilielewa. Katika jumba la picha kule katikati ya mji kulikuwa na mchoro wa bwana mmoja wa Kifaransa, amekufa zamani, aliyechimba bwawa katika bustani yake na kulichora mpaka macho yakamwisha. Mwalimu alimpenda mtu yule kama unavyompenda jamaa. Miaka miwili bafu halikutoa kitu ila mbu. Mwaka wa tatu, asubuhi moja ya Julai, yungiyungi moja likafunguka, ukubwa wa kikombe cha kahawa. Huyu ni mtu ambaye basi likichelewa dakika tatu aliomba radhi siku nzima. Siku ile aliwapigia simu kazini akasema haji, amefikiwa na mgeni kutoka mbali. Alilichora ua lile mara tisa kabla halijafumba.

Kazi yake ilikuwa kupaka rangi. Zanzibar alifundisha kuchora katika skuli ya wavulana. London walimpa brashi pana na ndoo. Alipaka ngazi na kuta za majumba ya halmashauri, kutoka Peckham mpaka kwetu, rangi ile moja ya maziwa yaliyoanza kuchacha, mwaka baada ya mwaka. Siku moja nilimwuliza kama haimuumi. Akanijibu kwamba ukuta ni ukuta, na kwamba amekwisha kujifunza aina kumi na moja za weupe. Rangi iliyobaki chini ya makopo alikuja nayo nyumbani kwa ruhusa ya msimamizi, akaichanganya na zile za tyubu. Turubai hakununua. Alichora juu ya mbao alizookota: milango ya makabati, migongo ya kabati za nguo, meza iliyovunjika mguu. Kwa hivyo nyumba yao ilikuwa imejaa milango isiyofunguka. Ukienda msalani ulipita bustani saba, na ukifungua kabati la sukari, nyuma ya mlango wake ulikuta bustani ya mwezi wa Mei.

Ndani ya picha zile kila kitu kilikuwemo isipokuwa watu. Kamba ya kuanikia ilikuwemo, na kanga za Bi Mkubwa juu yake, jozi kwa jozi. Kikombe chake kilikuwemo majanini, na makubadhi yake, moja limelala ubavu. Ungesema mwanamke ameinuka sasa hivi kwenda kugeuza mchuzi.

"Nguo zangu zimo, mimi simo," Bi Mkubwa alikuwa akiwaambia wageni, huku anacheka, na wageni wakacheka. Nami nilicheka mara nyingi, Mungu anisamehe.

Watu walidhani ni dini. Wako kati yetu wanaoamini kwamba mwenye kuchora kiumbe chenye roho ataambiwa Siku ya Kiyama akitie roho, na mtu hagombani na imani ya mwenzake. Lakini mimi nilikuwa jirani, na jirani huona mengi. Mwalimu alichora kunguru. Alichora paka wa nyumba ya tatu amelala juu ya banda, na paka ana roho kama mimi. Kila Jumamosi saa kumi alitazama mieleka kwenye televisheni, akipiga kelele kuliko mtu mwingine yeyote barabara nzima, na wale jamaa walikuwa nusu uchi. Hiyo haikuwa sura ya mtu anayekimbia dhambi ndogo ndogo. Nilimweka katika fungu la watu wakaidi, nikamwacha huko.

Na ukaidi alikuwa nao. Chai yake ilikuwa ya rangi, hiliki mbili, hakuna maziwa, na ukimtilia maziwa kwa bahati mbaya aliinywa yote bila neno, kisha hakuja kwako mwezi mzima. Mtu mwenye viatu vichafu hakumsikiliza anachosema mpaka avipanguse. Lakini huyo huyo, binti yangu alipougua tetekuwanga, alikaa naye siku tano nikiwa kazini, akamchorea sungura kwenye kila ganda la yai lililoingia nyumbani.

Jumamosi asubuhi aliwafundisha watoto watano sita wa Kiswahili kuchora, bustanini. Alikuwa mwalimu mkali. Aliwakalisha mbele ya ndoo, akawaambia watazame kivuli chake mpaka wakione. "Rangi gani?" Cheusi, watoto wakasema. "Tazameni tena." Wakatazama mpaka shingo zikauma, na mmoja akasema kwa woga kwamba kina zambarau. "Ahsante," Mwalimu akasema. "Anayekwambia kivuli ni cheusi hajakitazama." Na neno lake kubwa lilikuwa hili: chora unachokiona, usichore unachokijua. Nililisikia neno hilo kupitia ukutani mara nyingi hata nikawa nalisema kazini, nikiwafundisha wauguzi wapya kumtazama mgonjwa.

Kwa neno hilo hilo aligombana na watu wetu. Walikuja wazee watatu wa chama chetu cha watu wa pwani, wamevaa vizuri, wakamwomba awachoree Zanzibar kwa ajili ya ukumbi wao: bandari, misikiti, nyumba zenye vibaraza. Aliwapa chai, akawasikiliza mpaka mwisho.

"Zanzibar naijua," akasema. "Lakini hapa nilipo siioni."

"Mwalimu, ifumbie macho, utaiona," mzee mmoja akamwambia.

"Ndiyo maana siyafumbi."

Waliondoka wamenuna. Wakasema amekuwa Mzungu, anachora mabafu. Mmoja wao hakumsalimu tena mpaka anaingia kaburini.

Sasa niseme siku ile ya binti yangu. Alikuwa na miaka tisa, anaelewa kila neno la Kiswahili na kukujibu kwa Kiingereza, kama watoto wote waliozaliwa kule. Jumamosi moja Mwalimu aliingia ndani kuchukua maji ya rangi. Bi Mkubwa alikuwa ameketi nje anachambua mchele, na mtoto akamchora. Nilikuja kuiona picha ile ikiwa vipande: nyusi zinazokaribia kukutana, pua iliyonyooka, mtandio umeteleza begani. Kwa mtoto wa umri ule ilikuwa ajabu. Bi Mkubwa aliishika kwa mikono miwili akasema, "Huyu ndiye mie, wallahi!" Mwalimu akatoka na kopo lake la maji. Akaitazama. Akaitoa mikononi mwa mkewe, akaichana vipande vinne, akaingia ndani na kufunga mlango.

Mtoto alinijia analia. "I only drew what I saw, Mum. He said draw what you see."

Nilitoka na aproni yangu, sikubisha hodi. "Mwalimu! Mbona wamfanyia hivi mwanangu? Kosa lake ni lipi?"

Alikuwa amekaa jikoni, mikono juu ya meza.

"Mwambie anisamehe," akasema. "Mwambie achore kitu chochote, asichore watu."

"Kwa nini asichore watu?"

"Mtu akichorwa sawasawa, hana tena pa kujificha."

Niliyachukua kuwa ni maneno ya wasanii, nikamjibu kwamba mtoto wa miaka tisa si mahakama. Nilikaa miezi mitatu sisemi naye. Ilikuwa Ramadhani iliyotupatanisha. Alikuja mlangoni kabla ya futari na bakuli la kaimati, ameinamisha kichwa, na mtu hamfukuzi mwenye bakuli la kaimati. Binti yangu alimsamehe siku ile ile. Watoto hawana kazi kubwa na hasira.

Baada ya hapo alitupeleka, mimi na mtoto, kwenye jumba lake la picha. Alikuwa akienda kila Jumapili kwa basi, ghorofa ya juu, kiti cha mbele. Mle ndani kuna vyumba vimejaa nyuso: wafalme, masista, matajiri na mbwa wao. Alivipita vyumba vile ameinamisha macho, kama mtu anayepita mbele ya wakwe. Alipofika kwenye bustani ya Mfaransa wake ndipo alipoinua kichwa. Akasogea, akasogea, hata mlinzi akamwambia kwa upole, "Step back, please, sir," na Mwalimu akarudi hatua saba huku anatabasamu. Walikuwa wanajuana.

"Ukiisogelea ni madoa tu," akatuambia. "Rudini huku. Mnaona? Maji." Kisha akasema, "Bwana huyu uzeeni vita vilimfika karibu na nyumba. Alikuwa anasikia mizinga. Akaendelea kuchora maua. Watu wakamwona hana moyo."

"Alikuwa nao?" nikauliza.

"Alikuwa nao mno."

Bi Mkubwa hakwenda kwenye jumba lile. Alisema picha za bustani anazo za kutosha, hata za kufungia sukari. Lakini siku moja aliazima kitabu kikubwa maktaba, akamwita binti yangu amsomee maandishi, na jioni alipokuja mumewe alikuwa amekifungua juu ya meza. Mimi nilikuwepo.

"Haya, tazama. Si huyu bwana wako wa Kifaransa? Huyu hapa mkewe, amelala maiti, kamchora. Maiti yake kaichora! Mie ni mzima, nimekaa mbele yako na kikombe cha chai, wewe huwezi?"

Mwalimu aliitazama picha ile kidogo tu. "Yule alikuwa na roho ngumu."

"Na wewe?"

"Mie sinayo."

"Pasi yangu ya kusafiria ina picha," Bi Mkubwa akaniambia mimi, lakini alikuwa akisema naye. "Nimekodoa macho kama mwizi. Hiyo ni picha ya serikali. Nataka picha ya mtu aliyenijua."

"Inshallah," Mwalimu akasema, akaenda kunawa mikono.

Ugonjwa ulimjia Bi Mkubwa polepole, na ulipoonekana ulikuwa umeshasambaa tumboni. Mimi ndiye niliyekwenda naye kwa daktari na kumfasiria, na katika kazi yangu yote sijapata kufasiri maneno mazito kama yale. Alisikiliza, akauliza kama atafika Juni. Nikamwambia Juni atafika. Akasema basi, Juni bustani huwa nzuri.

Juni ile nilikuwa na likizo, nikaona kila kitu. Alijipamba kama bi harusi. Nilimpaka wanja mwenyewe, nikamfunga kanga mpya iliyobaki na harufu ya sanduku, na katika nywele chache alizokuwa nazo nikamchomeka asumini mbili kutoka kwenye chungu walichokiweka dirishani pa jikoni. Tukamtoa nje, akakaa kwenye benchi karibu na lile bafu.

"Leo sitaki inshallah," akamwambia mumewe. "Leo nataka picha."

Mwalimu akaleta ubao, akaketi. Akaanza baada ya adhuhuri. Nilipita na chai nikamwona akimtazama mkewe. Alimtazama kweli, akainamia ubao, akamtazama tena. Bi Mkubwa alikuwa ananyanyua kidevu kila alipoangaliwa, kama msichana. Nilikwenda zangu jikoni nikalia kwa furaha. Nilisema moyoni, kumbe mzee huyu alikuwa anasubiri saa yake tu.

Alasiri akaugeuza ubao. Benchi lilikuwemo. Maji yalikuwemo, na nuru ile ya Juni juu yake, sijawahi kuona nuru imechorwa vile. Na pale alipoketi Bi Mkubwa kulikuwa na kichaka cha mawaridi, kikubwa, chenye rangi zote za kanga yake. Hakuna kichaka cha waridi mahali pale. Hakikuwahi kuwepo. Mtu aliyewatesa watoto wachore wanachokiona alikuwa amemtazama mkewe saa tatu nzima na kuchora kisichokuwepo.

Bi Mkubwa aliitazama picha muda mrefu. "Ahsante, mume wangu," akasema. "Maua mazuri." Kisha akaniomba nimpandishe juu akalale.

Chumbani nilikuwa nimewaka. Nilimvua kanga huku nasema maneno ambayo hayamfai mgonjwa, kwamba mwanamume yule ana jiwe kifuani, kwamba nashuka sasa hivi kumwambia. Akanishika mkono.

"Kaa. Unajua kwa nini hanichori?"

"Dini," nikasema. "Au kiburi."

Akatikisa kichwa, na pale, dirisha liko wazi na mumewe yuko chini anaosha brashi, akanieleza kwa sauti ndogo.

"Kule kwetu alikuwa na kitabu. Alichora kila mtu, wanafunzi wake, muuza kahawa, watu wote wa barazani. Ungemtambua mtu kwa sikio tu. Jalada nilimshonea mie, kitambaa cha maua. Basi baada ya mapinduzi watu wenye bunduki walikuwa wakimtafuta kakangu, alikuwa karani wa serikali iliyoondoka. Jina wanalo, sura hawaijui. Siku ile nilikuwa kwa mama, niko uani nakuna nazi. Wakaingia. Nikachungulia. Mmoja ana kitabu mkononi, jalada langu lile. Akamtazama kakangu, akatazama kitabu, akamtazama tena. Wakaenda naye. Hatukumwona tena mpaka leo, wala kaburi."

Niliuliza kuhusu Mwalimu.

"Walianzia kwake. Nani mwingine angewaambia yuko kwa mama? Alinijia jioni jino halipo, mdomo umevimba, akasema ameanguka. Nikamwambia pole. Hatujalisema tena."

"Hukumchukia?"

"Nilimchukia. Mwaka mzima, pale mwanzo tulipokuja huku, nikimpikia huku namchukia. Kisha nikajiuliza, bunduki imekaa kichwani, wewe ungesema nini? Ikanitoka. Lakini nitamwambiaje nimekusamehe, na mwenyewe hajasema alichofanya? Nikimwambia najua, haya itamuua. Ndiyo nikamwomba anichore. Mie na kakangu tulikuwa sura moja, watu wakituuliza kama pacha. Akinichora mie, atakuwa ameutazama uso ule mpaka mwisho, na mie nimekaa mbele yake nacheka. Angejua. Asingehitaji kuambiwa."

Alikuwa amechoka. Nilimlaza upande wake mzuri.

"Hii ni amana," akasema. "Usimwambie. Atakuja mwenyewe."

Hakuja. Bi Mkubwa alifariki mwezi wa Septemba, mchana, mimi nimeshika mkono mmoja na Mwalimu ameshika wa pili. Nilimwosha pamoja na wanawake wenzangu. Nilitamani kusema hata pale, mazishini, kwani kule wanawake tulifika mpaka makaburini, nikiona Mwalimu anavyotupa udongo kaburini, konzi tatu, na ya tatu haikutaka kumtoka mkononi. Lakini amana ni amana, na kwetu mtu humwekea maiti neno lake kuliko anavyomwekea aliye hai.

Aliendelea kuchora. Mtoto wa jicho akamwingia macho yote mawili, na hospitali ikamwita mara mbili kufanyiwa upasuaji, akakataa. Mimi muuguzi nilimbembeleza, nikamtisha, nikamwambia ni jambo la nusu saa. Akasema anaona kiasi anachotaka. Bustani ikaanza kuwa ya kahawia, kisha ya manjano kama karatasi kuukuu, na mwishoni huwezi kujua ni bustani au ni ukuta. Binti yangu aliolewa, nikahamia Barking, upande wa pili wa London, kuwa karibu naye. Nilikuwa nakuja kumwona kila nilipoweza, na ukweli ni kwamba niliweza mara chache kuliko ilivyostahili. Majuto ni mjukuu.

Mara ya mwisho nilimkuta katika nyumba ya wazee, upande wa Peckham. Bafu, milango, yote yalikuwa yamekwenda na lori la halmashauri, alijua, hakuuliza. Ilikuwa Jumatano saa nne asubuhi. Nilikuja na mkate wa sinia, nikamkatia vipande vidogo, nikampa mkononi.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja kwa basi?"

"Kwa treni, kisha basi."

Alikula kipande kimoja, akapangusa vidole kimoja kimoja. Nje ya dirisha kulikuwa na ua la saruji na chungu kimoja cha maua ambacho hakukiona. Kisha akaanza kusema bila mimi kumwuliza, kama mtu aliyekuwa amejipangia. Alinieleza kitabu. Alinieleza jalada la maua na nani alilishona. Alinieleza wale watu, namna walivyomfungulia ukurasa kwa ukurasa, na kila uso wakauliza huyu yuko wapi, na kila uso akasema sijui, mpaka wakafika kwa shemeji yake, na pale wakamvunja jino.

"Nikasema, yuko kwa mama," Mwalimu akasema. "Maneno matatu. Yule kijana nilimchora anacheka. Ndiyo picha niliyoipatia kuliko zote katika maisha yangu."

Nilikuwa nimeshika kisu cha mkate. Nikakiweka chini.

"Tangu siku ile nikachora maua. Waridi halina anayelitafuta kwa jina." Akapangusa makombo magotini. "Na yeye, masikini, akitaka nimchore. Kila siku akitaka. Walikuwa sura moja, yeye na kakake. Ningemchora, mkono wangu ungenifichua. Angeiona tu ile picha angejua. Nikaona bora anione bahili kuliko anijue. Unanielewa, mwanangu? Nilimnyima ili nimkinge."

"Nakuelewa, Mwalimu."

"Siku ile yeye alikuwa uani, anakuna nazi. Hakuona kitu. Nimefanya baya ambalo sina wa kumwomba radhi, lakini Mola alinistiri kwa moja hilo." Akanitafuta kwa mkono, akaupata mkono wangu, akaubana. "Amekufa hajui. Kweli, si kweli? Wewe ulikuwa naye mpaka mwisho, alikuwa akikwambia mambo. Hakujua."

Nilikuwa na jibu mdomoni. Nilikuwa nalo miaka kumi na nne. Alijua, Mwalimu, alijua tangu siku ile ile, na alikusamehe kabla nywele zako hazijaota mvi, na kila alipokuomba picha alikuwa anakupa msamaha wake, nawe kila mara ukaurudisha. Ningesema hivyo angepata radhi aliyoitafuta umri wake wote. Angejua pia kwamba alilala ubavuni mwa mtu anayejua miaka thelathini, kwamba alasiri ile ya Juni mwanamke alijipamba ili amsamehe na yeye akamchorea kichaka. Alikuwa na miaka themanini na tatu. Hakuwa na macho tena ya kuchora chochote, wala mtu wa kumchora.

"Hakujua," nikasema. "Alhamdulillahi, Mwalimu. Hakujua."

"Alhamdulillahi," akasema, na uso wake wote ukalegea. Akaniuliza kama umebaki mkate. Nikamkatia kipande kingine, nikakipaka siagi kidogo kama alivyopenda, akala chote.